Kufufua pikapu ya zamani kwa fedha kidogo: anza na breki, rangi iwe ya mwisho

Nimeona pikapu tatu zikiuzwa kwa bei ya chuma chakavu wakati injini zake bado zinavuta. Zote zilipita njia moja. Mwenye gari alilinunua kwa furaha, wikendi ya kwanza akalivua lote: milango ikaegemezwa ukutani, injini ikashushwa sakafuni, boliti zote zikatupwa kwenye ndoo moja. Kisha akapeleka bodi kwa fundi rangi, maana rangi ndiyo inayoonekana. Fedha ikaishia hapo. Ikabaki kabini inayong'aa juu ya chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari) isiyo na breki, pamoja na ndoo ya boliti ambazo hakuna aliyekumbuka zilikotoka.

Mpangilio ninaoutumia mimi ni huu: gari lisimame, liwake, lipate umeme wa kuaminika, litibiwe kutu, linyooke barabarani, ndipo lipakwe rangi. Na kuna sharti moja linalosimamia yote: usifungue mfumo wa pili kabla ya kufunga wa kwanza. Kila unapomaliza kazi ya siku, gari liwe na magurudumu yake manne na liweze kusukumwa. Gari linalosukumika lina matumaini. Likishawekwa juu ya matofali, miezi inapita bila mtu kuligusa.

Kabla ya kutoa fedha

Fedha nyingi ya kazi hii huokolewa au kupotea siku ya kununua. Nenda na vitu vinne: sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, nyundo ndogo, tochi na bisibisi ya zamani.

Sumaku ni ya bodi. Ipitishe taratibu chini ya milango, kwenye pembe za kabini, juu ya matairi na kando ya kioo cha mbele. Ikishika kwa nguvu, hapo kuna bati. Ikiteleza au ikishika kwa uvivu, hapo kuna puti nene, ile dawa ya kujazia mabonde ya bati. Pikapu yangu ya kwanza ilikuwa na rangi nyekundu nzuri sana, na sikuwa na sumaku. Nilipokuja kukwangua pembe ya kabini nyuma ya dereva, chini ya puti nikakuta magazeti yaliyokunjwa na kushindiliwa kwenye tundu linaloingia ngumi. Aliyeniuzia alijua, kwa sababu puti ilikuwa bado mpya.

Nyundo ni ya chesisi. Lala chini ya gari na ugonge chesisi kidogo kidogo kutoka mbele hadi nyuma, kila baada ya upana wa kiganja. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, ting, na nyundo huruka mkononi. Chuma kilicholiwa hutoa sauti butu kama ya boksi, na vipande vya kutu huanguka usoni, kwa hiyo vaa miwani. Kaa zaidi penye mikono ya springi za nyuma, penye vishikizo vya kabini, na popote chesisi inapopinda kupanda juu ya ekseli. Tope hukaa huko na halikauki. Penye shaka chokoa kwa bisibisi. Ikizama, hesabu kazi ya kuchomelea. Ikizama sehemu nyingi pande zote mbili, achana na gari hilo hata kama ni la bure. Milango, taa na hata injini vinapatikana, lakini chesisi iliyooza itameza fedha yako yote.

Tochi ni ya kusomea namba ya chesisi. Ilinganishe na hati za gari tarakimu kwa tarakimu, na uangalie kama pale ilipochapwa pamewahi kukatwa, kusagwa au kuchomelewa. Namba isipolingana, ondoka. Hakuna ufundi unaoweza kutibu tatizo hilo.

Kuhusu aina ya gari, chagua lililouzwa kwa wingi. Toyota Hilux ilianza kuuzwa mwaka 1968, na pikapu za Datsun, Isuzu, Ford, Chevrolet na Peugeot 504 zilisambaa kiasi kwamba spea zake bado zinatengenezwa au zinapatikana kwenye magari yaliyokufa. Pikapu adimu hupendeza kwenye picha, lakini utakaa wiki nyingi ukitafuta oili sili moja tu, yaani mpira mdogo wa kuzuia oili isivuje.

Fedha, daftari na mifuko ya plastiki

Chukua fedha yote uliyonayo kwa kazi hii, uigawe mara tatu. Fungu moja lisiguswe kabisa mpaka gari litembee. Hilo ni la mambo usiyoyaona leo, nayo yatakuwepo. Mafungu mawili yaliyobaki ndiyo bajeti yako halisi, ukishatoa bei ya gari.

Spea nazigawa makundi mawili. Kila kinachosimamisha gari, kinachoelekeza magurudumu, na kila kitu cha mpira, nunua kipya: pedi na breki shuu (vipande vinavyosugua ili gari lisimame), mipira ya breki, tairodi endi na bolijointi (viungo vya magurudumu ya mbele), mikanda, mipira ya rejeta, oili sili. Kila kilicho kizito na hakichakai haraka, tafuta kilichotumika: milango, madigadi, vioo, bampa, difu (gia za ekseli), giaboksi, hata stata na alternata ukiweza kuzijaribu kabla ya kulipa. Usiende kununua kwa kutaja mwaka wa gari tu. Beba spea ya zamani mkononi au namba iliyochapwa juu yake, kwani mwaka mmoja unaweza kuwa na aina mbili za beringi.

Daftari na mifuko ya plastiki ni vya bei ndogo na vitakuokoa. Kila boliti zinazotoka sehemu moja zinaingia mfuko mmoja, na karatasi ndani yake: "vishikizo vya rejeta, 4, ndefu upande wa kushoto". Piga picha kabla ya kufungua, katikati ya kufungua, na baada ya kusafisha.

Neno moja la usalama, nalo ni zito: usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia. Ikishanyanyua, weka stendi mbili za chuma chini ya chesisi penye sakafu ngumu, zuia magurudumu yaliyobaki chini, kisha litikise gari kwa nguvu ukiwa nje. Likicheza ukiwa nje, shukuru, upange upya. Matofali hayafai, hupasuka ghafla bila onyo.

Breki

Hapa ndipo ninapotumia fedha bila kubana. Pikapu iliyosimama miaka mingi huwa na breki zilizokufa kimyakimya. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4, madaraja ya kawaida yanayoandikwa kwenye chupa, hunyonya unyevu wa hewa. Maji hayo hutulia ndani ya silinda na kuanza kula chuma, na siku breki zikipata joto kali maji huchemka, yakawa mvuke, na pedali ikashuka hadi sakafuni.

Anza nyuma. Ngoma, lile bakuli la chuma linalofunika breki shuu, ikigoma kutoka, legeza kwanza kirekebishio cha breki shuu kupitia tundu lake, maana mara nyingi shuu zimejichimbia ukingo ndani ya ngoma. Ngoma nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza boliti mbili, kaza moja nusu zamu, nyingine nusu zamu, na ngoma itajisukuma yenyewe. Ukiifungua, usipulize vumbi lililo ndani. Breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huua mapafu polepole. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni, lifute kwa kitambaa, kitambaa ukitupe kikiwa bado kibichi ndani ya mfuko.

Inua kingo za mpira wa silinda ndogo zilizo ndani ya ngoma. Ukiona unyevu, silinda imeshaanza kuvuja na inabadilishwa. Pima kipenyo cha ngoma. Kipimo cha mwisho kinachoruhusiwa huchapwa kwenye ngoma nyingi, na ikishapita hapo haichongwi tena. Mipira yote ya breki ibadilishwe hata ikionekana mizima, kwa sababu huziba kwa ndani: mafuta yanaingia kwa nguvu ya mguu lakini hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa. Paipu za chuma zilizooza zibadilishwe kwa paipu za breki halisi. Zile za mchanganyiko wa shaba na nikeli hazishiki kutu na hupindika vizuri kwa mkono. Paipu ya shaba tupu ya majokofu isiguse breki zako.

Kisha toa upepo. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu ya breki, umalizie la karibu, isipokuwa kitabu cha gari lako kinasema vingine. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine yuko chini na spana na mpira mwembamba ulioingia kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Kazi inakwenda kwa sauti:

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, kaka."

"Shikilia hapohapo, usiachie."

Unalegeza nati ya upepo, mapovu yanatoka kwenye chupa, unakaza. "Achia." Aliye juu akiachia kabla hujakaza, upepo unarudi ndani na mnaanza upya, kwa hiyo elewaneni maneno kabla ya kuanza. Endeleeni mpaka mafuta yatoke safi bila povu hata moja, na kopo la juu lisikauke wakati wowote. Pikapu nyingi zina valvu karibu na ekseli ya nyuma yenye mkono unaopima uzito wa mzigo, nayo ikiwa na nati yake itolewe upepo pia. Mafuta ya breki yakidondokea rangi, mwagia maji mengi mara moja, maana yanaimenya.

Kuamsha injini iliyolala

Usiingize betri na kupiga stata. Pete za pistoni zinaweza kuwa zimeshikana na silinda kwa kutu, na stata ina nguvu ya kutosha kuzivunja. Toa plagi zote, au hita na nozo kama ni dizeli, umimine oili vijiko viwili katika kila silinda na uache usiku mzima. Kesho yake weka spana ndefu kwenye boliti ya puli ya mbele na uzungushe injini kwa mkono. Unataka izunguke mara mbili kamili bila kugota. Ikigota ghafla mahali palepale, usilazimishe. Inawezekana valvu inagusa pistoni.

Ikizunguka, mwaga oili ya zamani na weka mpya na filta mpya. Petroli iliyokaa miaka hugeuka kuwa utomvu wenye harufu ya vanishi. Ukiipitisha tu kwenye kabureta utaziba kila jeti. Toa tanki, lioshe, na kwa majaribio ya kwanza tumia kidumu kidogo safi. Kwa dizeli, badilisha filta, kisha toa upepo kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu.

Kabla ya kuwasha, pima kompresheni, yaani shinikizo ambalo pistoni inajenga ndani ya silinda. Geji yake inaazimika kwa fundi yeyote, na ndiyo itakayokwambia kama unahitaji kufungua injini au la. Katika injini nyingi za zamani za petroli silinda iliyo nzima husoma kati ya 120 na 180 psi (kipimo cha shinikizo). Dizeli ni juu zaidi sana na ina geji yake, usichanganye. Ninachoangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zikikaribiana ndani ya asilimia 10 hivi, injini ina maisha hata kama namba zote ni za chini kidogo. Moja ikiwa chini sana, mimina kijiko cha oili ndani yake na upime tena. Namba ikipanda, ringi (zile pete za pistoni) zimechoka. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, karibu kila mara gasketi imepasuka kati yao. Kabla ya kukata tamaa na valvu, seti tapeti kwanza, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa ili valvu ifunge. Valvu iliyokazwa kupita kiasi haifungi, na kazi hiyo inahitaji fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) na saa mbili tu.

Ijue na tabia ya injini yako. Mfano mzuri ni 22R ya Toyota, ile ya lita 2.4 iliyoanza mwaka 1981 na kuendesha Hilux nyingi. Ni injini ngumu kufa, lakini matoleo yaliyofuata yalifungwa cheni moja ya taimingi (inayooanisha valvu na pistoni) yenye miongozo ya plastiki. Plastiki ikivunjika, cheni hupigapiga ikiwa baridi kama mnyororo ndani ya kopo, na ikiachwa huchimba kava mpaka ikatoboa njia ya maji, maji yakaingia kwenye oili. Anayejua hivyo hubadilisha miongozo mapema. Asiyejua hununua injini nyingine.

Kuhusu joto, nina jambo moja nalisisitiza. Fundi wengi wakiona gari linachemsha hutoa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, na kuitupa. Chemsha imetibiwa kwa macho tu. Injini isiyo na thamostati hutembea baridi, hunywa mafuta zaidi, na silinda huchakaa haraka kwa kuwa oili haifikii joto lake. Thamostati ni spea ndogo. Ijaribu ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Ikifunguka irudishe, isipofunguka nunua nyingine. Kisha tafuta sababu halisi: rejeta iliyoziba, feni legevu, mkanda unaoteleza, au kifuniko cha rejeta kilichochoka. Kifuniko hicho kinashikilia shinikizo, na kwa psi 13 hivi maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Kikivuja, yanachemka mapema. Maji matupu hulea kutu ndani ya injini, hivyo weka kulanti (dawa ya rejeta) nusu kwa nusu na maji safi hata kama gari halitaona baridi maishani.

Umeme

Robo tatu ya matatizo ya umeme niliyoyakuta kwenye magari ya zamani yalikuwa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari. Taa zinafifia, indiketa zinawaka kwa pamoja, stata inavuta kwa uchovu, na mwenye gari anabadilisha betri mara mbili. Fungua waya mnene unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini na chesisi, pamoja na ule mwembamba uliosokotwa unaounganisha injini na kabini. Kwangua chini yake mpaka bati ling'ae, paka grisi kidogo baada ya kukaza. Kisha weka multimita: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, na mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi bado ni mbovu.

Betri iliyojaa, gari limezimwa, husoma volti 12.6. Gari likiwaka, kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo alternata haichaji, juu ya hapo inaikaanga betri. Waya ulioungwa kwa kusokotwa na kufungwa selotepu uung'oe na kuuchomelea upya kwa risasi. Fyuzi ikiungua, usiweke kubwa zaidi wala usifunge kwa karatasi ya sigara. Waya ndio utakaoungua badala yake, nao umepita karibu na tanki.

Kutu

Kutu ya juujuu hutoka kwa brashi ya waya. Kutu ya magamba hupigwa kwa nyundo na kusagwa mpaka chuma kiwe cheupe, kisha inapakwa praima (rangi ya chini) siku hiyohiyo kabla unyevu haujarudi. Kutu iliyotoboa haina dawa ya kupaka. Inakatwa mpaka ufike kwenye bati lililo zima, na kiraka kinachomelewa.

Kwa chesisi, kama hujawahi kuchomelea, lipa welda anayejua. Wewe fanya kazi ya kusafisha, ambayo ndiyo saa nyingi, yeye achomelee tu. Kiraka kiwe na unene ule ule wa chesisi, na ncha zake zichongwe mshazari. Ukikata kiraka mraba na kukichomelea wima, mstari huo wa wima ndipo chesisi itakapopasukia siku ukipakia mzigo. Waya za betri zifunguliwe kabla ya kuchomelea, la sivyo unaweza kuua alternata. Tanki la mafuta litolewe kwenye gari na lipelekwe mbali, na usijaribu kamwe kulichomelea tanki lenyewe, hata likiwa limekaa wazi mwaka mzima. Mvuke unaobaki kwenye mikunjo unatosha kulipua.

Vitu vidogo vyenye kutu, kama vishikizo, bawaba na mabano, mimi huvitibu kwenye ndoo. Njia rahisi ni molasi: kipimo kimoja kwa tisa vya maji, zamisha, funika, acha wiki moja au mbili. Inanuka, lakini kutu inatoka mpaka kwenye nyuzi za boliti bila kugusa chuma kizima. Usitie alumini humo, italiwa.

Njia ya haraka ni umeme. Jaza ndoo ya plastiki maji, weka magadi ya kufulia kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita nne. Kitu chako chenye kutu kiunge kwenye hasi ya chaja ya betri ya kizamani, na kipande cha chuma cha kawaida kwenye chanya, visigusane. Vipovu vitaanza, maji yatageuka rangi ya udongo, na kesho yake kutu inafutika kwa brashi ya plastiki. Ufanyie nje kwenye hewa, kwa sababu vipovu hivyo ni hidrojeni na hushika moto. Zima chaja kabla ya kuingiza mkono. Usitumie kamwe chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kwani hutoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Springi na boliti ngumu za stelingi zisiingie humo. Hidrojeni huzifanya kuwa rahisi kuvunjika.

Mwisho wa kazi ya kutu, zibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango na chini ya kabini. Viko pale tangu kiwandani, vimezibwa na tope au na rangi ya fundi aliyepita. Mlango huoza kutoka ndani kwa sababu ya kitundu kimoja kilichoziba. Ndani ya chesisi pulizia nta ya kuzuia kutu. Oili chafu ya injini isitumike, inaharibu mipira na ngozi yako.

Stelingi na springi

Nyanyua gurudumu la mbele, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, ni beringi au bolijointi. Lishike kushoto na kulia. Likicheza, ni tairodi endi au boksi la stelingi. Badilisha vilivyochoka pande zote mbili, kisha peleka gari kwenye alaimenti (kunyooshwa magurudumu) kabla matairi mapya hayajaliwa. Majani ya springi yaliyovunjika yanapatikana moja moja, hakuna haja ya kununua springi nzima. Shokapu zikivuja, mpya. Tairi lisikudanganye kwa kashata (meno yake) nzuri: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2311 ni wiki ya 23 ya mwaka 2011, na tairi hilo ni la kutupa.

Rangi

Rangi ya kemikali mbili inayopulizwa gereji za kitaalamu ina isosianeti, ambayo huingia kifuani na kuacha pumu ya kudumu. Barakoa ya kawaida haitoshi, inahitajika ile inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kwa hiyo uwanjani kwako tumia enameli ya kawaida, au fanya maandalizi yote mwenyewe na umlipe fundi kwa siku moja tu ya kupuliza. Maandalizi ndiyo gharama kubwa ya rangi, nayo ni jasho.

Nyoosha bati kwa nyundo kwanza, puti iwe ya kulainisha tu, isizidi milimita 3 hivi. Anza na msasa namba 80 juu ya puti, 180, kisha 320, na 400 juu ya praima, ukiwa umeufunga kwenye ubao bapa. Msasa ulioshikwa na vidole hutengeneza mawimbi. Puliza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya praima kabla ya kupiga msasa. Weusi unaobaki unakuonyesha kila bonde. Na usiliache gari nje likiwa na praima tupu, maana praima nyingi za kawaida hupitisha maji na kutu itaanza chini yake kabla hujafika kwenye rangi.

Safari za kwanza

Safari ya kwanza iwe fupi, bila mzigo, mahali pa wazi, na uijaribu breki mara kumi kwa mwendo wa mtu anayetembea kabla ya kuongeza. Rudi, gusa kila rimu kwa nyuma ya mkono. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki hapo haiachii. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza tena nati za magurudumu, angalia kila kiungo ulichofungua kama kuna unyevu, na angalia oili ya giaboksi na difu, vitu ambavyo watu husahau kwa sababu havilalamiki.

Baada ya kilomita 500 mwaga oili ya injini ingawa bado inaonekana nzuri. Itakuwa imeosha uchafu wa miaka yote. Kata filta kwa msumeno, tandaza karatasi yake juani, pitisha sumaku. Unga mweusi kidogo ni wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyonata kwenye sumaku, au chembe zenye rangi ya shaba zinazong'aa, maana yake beringi za chini zinaanza kuondoka, na hapo ndipo ile theluthi ya fedha uliyoiweka kando inapata kazi yake.